Kompyuta iliandika “Imehifadhiwa”, umeme ukakatika, faili likarudi tupu: kosa liko wapi?

Mzani_Mbale aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Mbale. Ninaomba msaada wa watu wanaoielewa mifumo endeshi kwa undani, kwa sababu nadhani tatizo langu haliko ndani ya programu peke yake, bali liko pale programu inapokutana na kiini cha Linux (sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa), mahali ambapo mimi bado ni mwanafunzi.

Ninahudumia kituo cha kupokelea kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Jioni wakulima huleta kahawa mbivu, karani huipima, mizani hutuma uzito kwa kebo hadi kwenye kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye kichakataji cha biti 32, na printa hutoa stakabadhi. Mfumo endeshi nimeujenga mwenyewe kwa Buildroot (zana ya kujengea mfumo mdogo wa Linux), mwembamba kabisa, nikaacha kila kisichohitajika. Mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye kadi ya kumbukumbu, ni ext4, na programu ya kupokea uzito nimeiandika kwa Python. Faili la siku hufunguliwa asubuhi na kubaki wazi hadi tunapofunga. Kila mkulima anapopimwa, programu hulikata faili hilo hadi baiti sifuri, huandika orodha nzima upya pamoja na mstari mpya mwishoni, halafu kioo huonyesha neno “Imehifadhiwa” na stakabadhi huchapwa. Msimu mzima uliopita sikupata shida, ingawa umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara.

Wiki iliyopita foleni ilikuwa ndefu kupita kawaida, kwa sababu mvua ilikuwa imezuia magari kwa siku mbili. Mkulima wa 61 alipokuwa anapokea stakabadhi yake, umeme ulikatika. Uliporudi nilikuta faili lipo, jina lake ni sahihi, na ukubwa wake ni baiti 0. Haukupotea mstari wa mwisho tu. Ilipotea mistari yote 61. Tena, watu wanane waliopimwa baada ya umeme kurudi waliandikwa kuwa walileta kahawa tarehe 1 Januari 1970, saa tisa na dakika chache usiku.

Ilitubidi tuwaite wakulima warudi na karatasi zao. Mama mmoja mzee alifungua fundo la leso yake, akatoa stakabadhi iliyokunjwa mara nne, yenye kilo 43.5, akaniuliza kama iliyo ya kweli ni karatasi yake au ni kompyuta. Nilimwambia ni karatasi yake, tukazinakili zote kwa mkono, lakini watu watano walikuwa wameshazipoteza na ikabidi karani akubali maneno yao. Sitaki jambo hili litokee tena. Je, ni kwa nini faili lote lilipotea badala ya mstari mmoja? Ni wakati gani hasa programu ina haki ya kusema “Imehifadhiwa”? Na hii 1970 imetoka wapi?

Kiini_Ntinda alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Umeeleza hatua kwa hatua, na sababu inaonekana ndani ya maelezo yako mwenyewe.

Programu yako inapoita write, yaani ombi la kuandika, kiini hunakili data kwenye kurasa za kumbukumbu, huzitia alama kwamba zina kitu ambacho bado hakijafika diskini, kisha huirudishia programu jibu la kufaulu papo hapo. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kazi ya uandishi huamshwa kila baada ya sekunde 5, nayo huchukua zile kurasa zilizokwisha kukaa sekunde 30. Huo si uzembe wa waliouandika mfumo. Diski ni ya polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu, na mafaili mengi ya muda hufutwa hata kabla hayajahitaji kufika kwenye diski, kwa hiyo kusubiri kidogo huokoa kazi nyingi. Kabla ya kiini kuna tabaka jingine tena: Python yenyewe hukusanya maandishi katika bafa yake (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu), na usipoita flush, amri ya kuimwaga bafa hiyo, huenda hata kiini hakijayaona. Kwa maneno mengine, neno “Imehifadhiwa” la programu yako lilikuwa na maana kwamba kuna mtu fulani ameyapokea maandishi, wala si kwamba yameandikwa.

Sasa kuhusu mistari yote 61. Mfumo wa ext4 hutunza jarida linaloandika mabadiliko ya umbo la mafaili, yaani majina, ukubwa na mahali vipande vyake vilipo, na kwa kawaida jarida hilo hufungwa na kupelekwa diskini kila baada ya sekunde 5. Ulipolikata faili hadi sifuri, mabadiliko hayo ya ukubwa yaliingia kwenye jarida upesi. Data mpya, kwa upande wake, ilikuwa hata haijatengewa nafasi kwenye kadi, kwa kuwa ext4 huchelewesha ugawaji wa nafasi hadi wakati wa kuandika, ili iweze kuiweka data mahali pamoja. Hivyo basi kuna kipindi ambacho kadi inasema jambo moja tu kuhusu faili lako: lipo, na halina kitu.

Siku yenye watu wachache, ambapo mkulima mmoja huja baada ya dakika tano, data hupata nusu dakika yake ya kusubiri, huandikwa, na umeme ukikatika baada ya hapo hupotezi lolote. Siku ya foleni ndefu, ambapo unalikata faili kila sekunde arobaini au chini ya hapo, faili lililo kwenye kadi huwa tupu kwa sehemu kubwa ya jioni. Msimu uliopita ulisalimika kwa sababu foleni zilikuwa fupi. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona wengi wakiamini kwamba programu iliyovumilia kukatika kwa umeme mara ishirini ni salama, kumbe mara zote ishirini umeme ulikatika wakati mashine imetulia.

Kisa hiki kina historia. Mwaka 2009, ext4 ilipoanza kutumiwa na watu wengi, wapo waliowasha kompyuta zao baada ya kuzimika ghafla wakakuta mafaili ya mipangilio yakiwa na baiti sifuri, na pakazuka mjadala mkali. Theodore Ts'o, aliyekuwa akiongoza kazi ya ext4, alieleza kwamba viwango vya POSIX, vinavyofuatwa na mifumo ya jamii ya Unix, havijawahi kuahidi kwamba data itakuwa diskini bila programu kuomba kwa fsync, ombi la kungoja hadi data ifike diskini. Ni ext3 tu, mtangulizi wa ext4, iliyokuwa imewazoesha watu vinginevyo, kwa kuwa namna yake ya kawaida ya kufanya kazi iliilazimisha data kutangulia kila jarida lilipofungwa. Hata hivyo waandishi wa kiini waliongeza ulinzi: faili lililokatwa hadi sifuri likiandikwa upya kisha likafungwa, kiini huanza kuipeleka data yake mara moja bila kungoja sekunde 30. Tazama neno “likafungwa”. Faili lako hubaki wazi tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo ulinzi huo haukukufikia kamwe.

Dawa yake ni kuacha kabisa kulikata faili. Lifungue kwa namna ya kuongeza mwishoni, andika mstari mmoja kwa kila mkulima, ita flush kisha os.fsync, na usubiri jibu. Katika kila mstari weka namba ya mfululizo pamoja na namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi ya mstari wenyewe, CRC32 inatosha, ili programu inapowaka iweze kuutambua mstari wa mwisho uliokatika katikati na kuutupa. Siku faili linapoundwa kwa mara ya kwanza, iite fsync kwenye saraka (folda) pia, kwa sababu jina la faili ni data ya saraka, na faili lililoandikwa vizuri bila jina halitakusaidia. Kama kuna faili ambalo ni lazima liandikwe upya lote, kwa mfano la bei za siku, basi liandike kwa jina la muda, liite fsync, kisha tumia rename kulipa jina la kudumu. Kazi ya rename haigawanyiki: msomaji atakuta faili la zamani au jipya, kamwe hatakuta nusu ya hili na nusu ya lile.

Usihofu kwamba fsync itaichelewesha foleni. Kwenye kadi nzuri huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na karani hutumia muda mrefu zaidi kuikata ile karatasi.

Nina jambo moja la mwisho, nami naliona kuwa zito kuliko hayo yote. Badilisha mpangilio wa kazi: fsync kwanza, stakabadhi baadaye. Stakabadhi ni ahadi kwa mkulima, na programu yako ilikuwa ikitoa ahadi kabla haijawa na cha kuitimizia. Ukiigeuza, jambo baya zaidi linaloweza kutokea ni mstari uliohifadhiwa bila karatasi kutoka, na hilo karani anaweza kulisahihisha pale pale mbele ya mwenye kahawa.

Baraza_la_Jinja alijibu:

Kwa maoni yangu mnazunguka mbali. Nunua UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme wa nje ukikatika) au betri ya sola, na umeme hautaizima kompyuta tena. Mimi ninahudumia maduka matatu kwa njia hiyo.

Kiini_Ntinda alijibu:

Ndugu wa Jinja, betri ni kitu chema na ningemshauri aiweke. Lakini betri huchakaa kimyakimya, mtu huchomoa waya ili achaji simu, na kiini chenyewe kinaweza kukwama bila umeme kuwa na kosa lolote. Betri hupunguza idadi ya ajali. Haibadilishi kile programu inachokifanya ajali inapotokea. Kama betri yake ina namna ya kuiarifu kompyuta kwamba umeme wa nje umekatika, itakuwa vyema zaidi, kwa sababu mfumo utapata muda wa kujizima kwa utaratibu.

Fundi_Arua alijibu:

Nimesoma maelezo ya Kiini_Ntinda na sina cha kupinga, ila nataka kuongeza tabaka la tatu, lile lililo chini ya kiini, kwa sababu huko ndiko ninakoshinda kila siku nikiokoa kadi za watu.

Kadi ya kumbukumbu ina kichakataji chake kidogo ndani, chenye programu yake na siri zake. Chipu za flashi haziwezi kuandika juu ya data ya zamani. Lazima zifute kwanza, na ufutaji hufanyika kwa bloku kubwa, kubwa kuliko kipande chochote unachokiandika wewe. Kwa hiyo unapoandika mstari mmoja wa baiti 60, kadi inaweza kuamua kuhamisha data nyingi jirani, ambayo wewe hukuigusa kabisa, ili ipate bloku tupu. Umeme ukikatika katikati ya uhamisho huo kwenye kadi duni, kinachoharibika kinaweza kuwa faili la mwezi uliopita, au hata sehemu ya mfumo endeshi wenyewe. Nimewahi kuletewa kadi ambayo faili la kumbukumbu za mauzo lilikuwa zima kabisa, lakini maktaba ya C ya mfumo, ambayo karibu kila programu huitegemea, ilikuwa imeharibika, kwa hiyo mashine haikuwaka, na mwenyewe aliamini kwamba data yake yote imekufa.

Kwa sababu hiyo, fanya sehemu ya mfumo endeshi iwe ya kusomwa tu, isiandikwe wakati wa kazi, na data iwe na sehemu yake peke yake. Kwa Buildroot si kazi ngumu. Nikiri kwamba kuigawa kadi katika sehemu mbili hakuzuii kile kichakataji cha ndani kuchanganya bloku za sehemu hizo, kwa kuwa chenyewe hakiijui mipaka yako. Lakini ukiandika kidogo, unapunguza mara ambazo kinahitaji kuhamisha kitu. Kama fedha zinaruhusu, tafuta kadi ya viwandani ambayo mtengenezaji anaahidi kuwa inahimili kukatika kwa umeme, na kila jioni nakili faili la siku kwenye flashi nyingine ambayo karani ataichomoa na kuondoka nayo.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kadi yako ni ya kweli. Sokoni kuna kadi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani zina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho; zikijaa, huendelea kupokea data na kujibu kwamba mambo ni sawa, huku zikiandika juu ya ile ya zamani. Kuna programu huria iitwayo F3 inayoijaza kadi nzima kisha kuisoma tena ikilinganisha. Huchukua saa kadhaa, lakini mimi siweki kadi kazini bila kuipitisha hapo.

Hali hii ya kifaa kusema “nimemaliza” kabla hakijamaliza haipo kwenye kadi pekee. Hata kwenye macOS, fsync ya kawaida hupeleka data hadi kwenye diski bila kuilazimisha diski kuitoa kwenye kache yake (kumbukumbu yake ya muda), na mwandishi wa programu anayetaka uhakika kamili hulazimika kutumia ombi jingine, F_FULLFSYNC.

Mwalimu_Gulu alijibu:

Nitajibu swali la 1970, kisha niseme neno kuhusu kupima.

Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za dunia, UTC. Ubao wako, kama zilivyo mbao nyingi za bei nafuu, hauna saa yenye betri, kwa hiyo ukiwaka huanza na hesabu ya sifuri. Sifuri hiyo, kwa saa zetu za Afrika Mashariki zilizo mbele kwa saa tatu, ni saa tisa kamili usiku. Wakulima wako wanane walipimwa dakika chache baada ya sifuri. Mifumo mingi mikubwa huficha jambo hili kwa kuhifadhi wakati wa mwisho kwenye faili na kuurudisha mashine inapowaka, au kwa kuuliza saa kwenye intaneti; wewe ulijenga mfumo mwembamba, na hivyo vyote havimo.

Nunua moduli ya saa yenye chipu ya DS3231 na betri ya duara. Huunganishwa kwa nyaya nne, Linux ina dreva yake tayari, na kosa lake katika joto la kawaida ni kama dakika moja kwa mwaka. Hata ukishaiweka, usipange mistari kwa saa. Ipange kwa ile namba ya mfululizo aliyoitaja Kiini_Ntinda, kwa sababu saa ya ukutani inaweza kurudishwa nyuma na karani anayeirekebisha. Unapohitaji kupima muda uliopita, kwa mfano kusubiri mizani itulie kwa sekunde mbili, tumia saa ya kiini isiyorudi nyuma, ambayo kwa Python ni time.monotonic. Nimewahi kuona programu iliyosubiri “sekunde mbili” ikakwama kabisa kwa sababu saa ilirudishwa nyuma katikati ya kusubiri.

Kwa kuwa kichakataji chako ni cha biti 32, kagua pia suala la 2038. Sekunde zinazotunzwa katika namba ya biti 32 yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi) hufika kikomo kwenye 2,147,483,647, na hiyo kwa saa za Kampala itakuwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, hesabu hurudi hadi Desemba 1901. Kiini cha Linux kwa mashine za biti 32 kilipata dawa kamili kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020, lakini kiini peke yake hakitoshi. Maktaba ya C nayo lazima itumie wakati wa biti 64. Musl, mojawapo ya maktaba hizo, ilianza kufanya hivyo katika toleo la 1.2, mwaka huohuo. Vilevile ext4 iliyoundwa kwa aina ya rekodi za faili zenye baiti 128 haina nafasi ya kutunza wakati unaovuka 2038, ilhali zile za baiti 256 zinayo. Amri ya tune2fs -l itakuonyesha ni ipi uliyo nayo. Huenda mtu akaona 2038 ni mbali, lakini mashine ya mizani ikifanya kazi vizuri hakuna anayeibadilisha. Nimeona vituo vinavyotumia vifaa vya miaka kumi na mitano.

Kuhusu kupima: wanafunzi wangu hudhani kwamba wakiiua programu ghafla kwa kill -9 na data ikabaki, basi wameigiza kukatika kwa umeme. Hawajaigiza. Programu ikifa, kiini bado kiko hai, na kurasa zote zilizokuwa zikisubiri zitaandikwa kwa wakati wake kana kwamba hakuna lililotokea. Kipimo cha kweli ni kuondoa umeme. Sisi tulitumia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyounganishwa na kompyuta ya pili: programu ya majaribio huandika mistari mfululizo na, kila fsync inapojibu, hutuma namba ya mstari kwa kompyuta ya pili kupitia kebo, kompyuta ya pili hukata umeme kwa wakati usiotabirika, huuwasha tena, kisha huuliza ubao una mistari mingapi. Kila namba iliyothibitishwa lazima iwepo. Ikikosekana hata moja, kuna tabaka fulani linalosema uongo.

Kiini_Ntinda alijibu:

Ninamuunga mkono Mwalimu, hasa katika hilo la kill -9. Nilisahau jambo moja: jibu la fsync lisomwe kweli. Ikirudisha kosa, usiijaribu tena ukaridhika na jibu la pili. Mwaka 2018 watunzaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, baada ya uandishi kushindwa, kiini kinaweza kuzitia kurasa alama kuwa ni safi, kwa hiyo fsync ya pili hujibu kwamba imefaulu ingawa data haikufika. Waliamua kwamba hifadhidata isimame kabisa kosa hilo linapotokea na ijijenge upya kutoka kwenye kumbukumbu yake ya mabadiliko. Kwako wewe maana yake ni hii: fsync ikishindwa, kioo kiandike kwamba upokeaji umesimama, printa inyamaze, na karani arudi kwenye daftari la karatasi hadi kadi ibadilishwe.

Wazee wa Unix walikuwa na desturi ya kuandika amri ya sync mara tatu kabla ya kuizima mashine. Zamani sync ilikuwa ikirudi mara tu ilipoagiza uandishi uanze, bila kungoja umalizike, na muda wa kuiandika kwa mkono mara ya pili na ya tatu ndio ulioipa diski nafasi ya kumaliza. Kwenye Linux ya leo sync husubiri, lakini ninapenda kuisimulia desturi hiyo kwa sababu vidole vya watu hao vilikuwa vimelijua swali lako la pili miaka mingi iliyopita.

Mzani_Mbale alijibu:

Shukrani nyingi kwenu nyote, na samahani kwa kukaa kimya. Nilitaka nirudi na matokeo.

Nimeondoa kabisa ule ukataji wa faili. Sasa kila mkulima ni mstari mmoja wenye namba ya mfululizo na CRC32, fsync hufuata, jibu lake husomwa, na stakabadhi huchapwa mwisho. Kwa kadi yangu fsync huchukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Sehemu ya mfumo sasa ni ya kusomwa tu, saa ya DS3231 imefungwa, na nilikuta kwamba rekodi zangu za ext4 zilikuwa za baiti 128 bila mimi kujua, kwa hiyo nimeiunda upya sehemu ya data. Kadi ya zamani niliipitisha kwenye F3 nayo ni ya kweli, ingawa nilikuwa nimeanza kuishuku.

Rilei sikuwa nayo, hivyo nilitumia swichi ya ukutani, mpwa wangu akawa anaizima bila kuniangalia, mara 80 kwa siku mbili, huku mizani ikiwa na jiwe la kilo 10. Hakuna mstari wowote uliothibitishwa uliopotea. Mara tatu mstari wa mwisho ulikutwa umekatika. Programu iliutambua kwa CRC, ikautupa, na katika mara zote tatu stakabadhi ilikuwa haijachapwa.

Juzi umeme ulikatika kweli, foleni ikiwa ya watu kama thelathini. Uliporudi, kioo kilionyesha namba ya mwisho kuwa 27, na karani akamwomba aliyekuwa wa 28, ambaye bado alikuwa amesimama kando ya mizani akingoja karatasi yake, aliinue gunia lake lipimwe tena.